Kipimo cha mate hakiwezi kuwa hakimu wa mwenye sonona



Katika darasa la jioni ambalo nimekuwa nikiwasomesha vijana wa sekondari, suala la maradhi ya nafsi hujitokeza kila mwaka. Safari hii limekuja kwa sura mpya. Kijana mmoja alisoma mahali kwamba wataalamu huyapima mate ya mtu ili kuchunguza sonona. Akauliza: "Ustadhi, kama kipimo kipo, kwa nini watu wasipimwe tukajua nani mgonjwa kweli na nani anajiendekeza tu?"

Darasa zima liliitikia. Nami nikaona kwamba swali hili si la vijana peke yao. Ni swali lililo katika nyumba zetu nyingi. Mtu akikaa chumbani wiki nzima, hali, halali, haogi, haongei na mtu, hukumu huwa mbili. Ama ataambiwa ana imani dhaifu, ama ataambiwa ni mvivu anayetafuta kubembelezwa. Yeye mwenyewe hana cha kuonesha. Mwenye malaria ana karatasi ya maabara, aliyevunjika mguu ana picha. Mwenye sonona ana nini? Ndiyo maana kipimo cha mate kinapendeza masikioni. Tunataka hakimu.

Nimelazimika basi kuchukua kalamu, si kwa kuwa mimi ni daktari, bali kwa kuwa maneno tunayoyasema misikitini na majumbani juu ya watu hawa yana uzito mkubwa, na tukiyasema bila elimu tunaua.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Sonona sio huzuni ya kawaida. Kufiwa, kufilisika, kuachika, yote haya yanahuzunisha, na hapana anayesalimika. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alipitia mwaka ambao wanahistoria wetu wameuita Mwaka wa Huzuni, alipofiwa na bibi Khadija na ami yake Abu Talib. Nabii Yaqub (a.s.) alilia mpaka macho yake yakapofuka kwa ajili ya mwanawe. Nani atathubutu kusema hao walikuwa na imani dhaifu? Sonona ni pale ambapo hali hiyo, au kupotewa na hamu ya kila kitu, inamkalia mtu muda mrefu, aghalabu wiki mbili na kuendelea, ikifuatana na mengine: usingizi kuharibika, chakula kutopita, mwili kuchoka bila kazi, akili kushindwa kutulia, kujiona hana thamani, na kwa baadhi yao kutamani kufa. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu zaidi ya milioni 280 duniani wanaishi na maradhi haya.

Sasa tuje kwenye mate.

Juu ya kila figo zetu pana tezi ndogo. Tezi hizi hutoa homoni iitwayo kotisoli. Mtu anapokabiliwa na jambo zito, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo hutuma ujumbe kwa tezi ya pituitari, ambayo nayo hutuma ujumbe kwa njia ya damu mpaka kwenye tezi za juu ya figo, na kotisoli inamwagwa. Kazi yake ni kuuandaa mwili: sukari inaongezeka kwenye damu ili misuli na ubongo vipate nguvu, na shughuli zisizo za dharura zinapunguzwa. Kotisoli ikishakuwa nyingi, yenyewe hurudi kuuambia ubongo, basi inatosha, na mfereji unafungwa. Kwa hiyo homoni hii si adui. Bila ya kotisoli mtu hufa. Waliofichua habari za homoni za tezi hizi, Kendall, Reichstein na Hench, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1950. Na kabla yao, mwaka 1936, Hans Selye kule Montreal, Kanada, alikuwa ameonesha kwa panya kwamba mateso ya aina mbalimbali, baridi, jeraha au sumu, huacha alama zinazofanana mwilini, ikiwemo kuvimba kwa tezi hizi. Huko ndiko yalikoanzia mazungumzo yote ya kitaalamu juu ya msongo.

Zamani kotisoli ilipimwa kwenye damu au mkojo. Damu ina matatizo mawili. La kwanza ni sindano yenyewe. Unataka kumpima mtu msongo, halafu unamchoma sindano. Wengine wanapata msongo kwa kuiona tu! La pili ni la ndani zaidi. Katika damu, zaidi ya sehemu 90 katika 100 za kotisoli zimeshikwa na protini, na ni ile ndogo iliyobaki huru ndiyo inayoingia kwenye seli na kufanya kazi. Mate hubeba hiyo iliyo huru. Inapenya kutoka kwenye damu kupitia seli za tezi za mate, na kiwango chake hakibadiliki sana hata mate yakitoka mengi au kidogo. Kwa hiyo mtu anatafuna kipande cha pamba dakika moja au mbili, au anadondosha mate ndani ya chupa, nyumbani kwake, bila nesi wala sindano. Hata mtoto anaweza.

Hapo ndipo milango ya utafiti ilipofunguka. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, walitangaza jaribio ambalo mpaka leo linatumika duniani kote. Mtu anaambiwa ajiandae kwa dakika chache, kisha asimame mbele ya watu asiowajua ajieleze kana kwamba anaomba kazi. Wale watu hawatabasamu wala hawatikisi kichwa. Baada ya dakika tano anaambiwa ahesabu kurudi nyuma kutoka 1022 kwa kutoa 13 kila mara, na akikosea anaanza upya. Mate yanachukuliwa kabla na baada. Kotisoli hupanda mara mbili hadi nne, na kilele chake huja dakika kama 10 hadi 20 baada ya adhabu ile kwisha. Kila aliyewahi kusimamishwa na ustadhi mkali asome sura aliyoihifadhi nusu atalielewa jaribio hili bila maelezo zaidi.

Lakini kotisoli haisubiri kuaibishwa ndipo ipande. Ina saa yake. Kwa mtu anayelala usiku na kuamka asubuhi, huwa chini kabisa karibu na saa 6 za usiku, kisha hupanda kuelekea alfajiri, na mara tu mtu anapoamka hupanda tena kwa kasi, kiasi cha nusu ya kiwango chake au zaidi, ndani ya dakika 30 hadi 45. Halafu huteremka taratibu mchana kutwa. Mpando huu wa kuamka ulielezwa kwa ukamilifu mwaka 1997, na tangu hapo watafiti wa sonona wameupenda sana.

Hapa msomaji Muislamu anapaswa kukaa vizuri, maana jambo linamhusu. Masharti ya kipimo hiki ni magumu. Chupa ya kwanza ijazwe mtu anapofungua macho tu, nyingine baada ya nusu saa, nyingine baada ya dakika 45. Katikati hapo asile, asinywe kahawa, asivute sigara, asipige mswaki, kwa sababu damu ya ufizi ikichanganyika na mate inaharibu hesabu. Sasa chukua mtu wetu wa kawaida. Anaamka kwa adhana ya alfajiri, anapiga mswaki, anatawadha, anakwenda msikitini, anarudi, anajinyoosha kidogo, anaamka tena saa 1 kwenda kazini. Kipi hapo ni kuamka? Mtafiti asiyeijua ratiba ya mtu huyu ataandika kwamba mpando wake ni dhaifu, pengine ana tatizo, kumbe mpando ulishapita akiwa safu ya pili.

Na Ramadhani je? Mwaka 2013 watafiti wa Jeddah, Saudi Arabia, walichapisha matokeo ya kuwapima damu vijana wachache wenye afya, saa 3 asubuhi na saa 3 usiku, kabla ya Ramadhani na ndani yake. Katika mwezi wa funga, kotisoli ya usiku ilipanda na ile tofauti ya kawaida kati ya asubuhi na usiku ikapotea. Hawakuwa wagonjwa. Walikuwa wanakesha na kulala mchana, kama tunavyofanya wengi wetu. Anayetaka kupima mate ya Waislamu mwezi huo ajue anapima saa iliyogeuzwa. (Wapo watakaouliza kama kutoa mate kwa kipimo kunafunguza. Mate ya mtu mwenyewe hayafunguzi, akiyameza au akiyatema. Ila pamba nyingine hutiwa ukali wa kama ndimu ili kuvuta mate, na hiyo mwenye swaumu aiepuke, adondoshe kwenye chupa. Na hata maabara nyingi haziipendi, kwani inavuruga majibu.)

Pia zipo dawa. Mwenye pumu anayevuta dawa za steroidi, au mgonjwa anayetumia prednisoloni, kotisoli yake haiwezi kusomwa kama ya mtu mwingine. Anayefanya kazi ya zamu za usiku vilevile. Mjamzito vilevile. Halafu pana udhaifu wa kibinadamu. Mtu anasahau kuchukua mate alipoamka, anachukua baada ya saa nzima, kisha anaandika kwenye karatasi kwamba alichukua kwa wakati. Watafiti waliligundua hilo, wakaanza kutumia chupa zenye vifuniko vinavyorekodi saa zilipofunguliwa.

Turudi kwenye swali la kijana. Je, mate yanamjua mwenye sonona?

Jibu lake linaanzia kwenye kisa kimoja cha Marekani ambacho natamani kila mpenda vipimo akijue. Madaktari walikwishaona kwamba baadhi ya wagonjwa wa sonona kali wana kotisoli nyingi, na kwamba ule mfereji haufungiki sawasawa. Mwaka 1981 Bernard Carroll na wenzake wakaeleza kipimo: mgonjwa anapewa kidonge cha deksamethasoni usiku, kesho yake anapimwa damu. Kwa mtu mzima wa afya kidonge hicho huuambia ubongo kwamba kotisoli ipo tele, na mwili unaacha kuitoa. Kwa wagonjwa wengi wa sonona kali mwili haukuacha. Ikawa shangwe: hatimaye maradhi ya nafsi yamepata kipimo cha maabara! Hospitali nyingi zikaanza kukitumia. Haikuchukua miaka mingi ikaonekana kwamba karibu nusu ya wenye sonona kipimo kinawapita, na kwamba walevi wanaoacha pombe, watu waliokonda kwa njaa na wazee waliopoteza kumbukumbu nao kinawakamata. Kabla ya muongo ule kwisha, shangwe ilikuwa imezimika.

Mate yamepita njia hiyo hiyo, ingawa kwa utulivu zaidi. Mwaka 2010 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti 20 zilizolinganisha mate ya wagonjwa wa sonona zaidi ya 1,300 na ya watu wasio wagonjwa zaidi ya 1,000. Wastani wa wagonjwa ulikuwa juu kidogo, lakini viwango vya makundi mawili vilipandiana kiasi kwamba huwezi kumchukua mtu mmoja, ukasoma namba yake, ukasema huyu ni wa kundi gani. Mwaka uliofuata ukaja uchambuzi mkubwa zaidi wa tafiti 361 za miongo minne, za damu, mkojo na mate. Ulithibitisha kwamba kwa ujumla wenye sonona wana kotisoli zaidi, hasa wazee na wale wenye sonona nzito ya kulazwa hospitali. Lakini kadiri utafiti ulivyofanywa kwa uangalifu zaidi, ndivyo tofauti ilivyopungua. Wapo hata wagonjwa ambao kotisoli yao ni ya chini kuliko kawaida.

Naona ni muhimu tukaelewa maana ya jambo hili, kwa sababu ndipo watu wanapopotea. Ukisema kwa wastani wanaume ni warefu kuliko wanawake, umesema kweli. Ukiambiwa mtu aliye nyuma ya pazia ana urefu wa sentimita 168, ukaulizwa ni mwanamume au mwanamke, huwezi kujibu. Ukweli wa kundi haukupi hukumu ya mtu.

Utafiti ninaouona bora kuliko yote katika uwanja huu ulitoka Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mwaka 2014. Walichukua vijana 1,858, wakapima mate yao ya asubuhi kwa siku kadhaa, na wakawauliza maswali juu ya hali zao. Kisha wakawafuatilia. Wavulana waliokuwa na mambo yote mawili kwa pamoja, kotisoli ya juu na dalili nyingi za huzuni, uwezekano wao wa kupatwa na sonona baadaye ulikuwa hadi mara 14 ya wale waliokuwa chini katika yote mawili. Kwa wasichana tofauti haikuwa kubwa kiasi hicho. Tazama hapo, ndugu msomaji: mate peke yake hayakutosha. Yalipata maana pale tu kijana alipoulizwa unajisikiaje, na akasikilizwa.

Sasa kama mate hayahukumu, yana faida gani? Faida ipo, na ni kubwa. Yamekata mzizi wa lile neno la kwamba mambo haya ni ya kichwani tu, kwamba mwili hauna habari. Mwili una habari. Ushahidi mwingine unatoka kwenye ugonjwa uitwao Cushing, kwa jina la daktari wa Marekani aliyeueleza kwa urefu mwaka 1932. Huko kotisoli inazalishwa kupita kiasi, mara nyingi kwa sababu ya uvimbe mdogo kwenye tezi ya pituitari. Uso unajaa na kuwa mviringo, tumbo linakua, mikono na miguu inakonda, na wagonjwa wengi wanapata sonona. Uvimbe ukiondolewa na kotisoli ikishuka, wengi wao nafsi inatulia. Na ni katika ugonjwa huu hasa ndipo mate ya usiku wa manane yanapotumika na madaktari kama kipimo halali, yakichukuliwa usiku zaidi ya mmoja.

Basi yule asemaye kwamba mtu hawezi kuporomoka moyo kwa sababu ya kitu kilichomo mwilini mwake, anabishana na jambo linaloonekana. Na anabishana pia na wanavyuoni wetu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria, sawa na 934 Miladia, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi. Humo aligawa huzuni mafungu mawili: ile ambayo sababu yake inajulikana, kama kupotewa na mpenzi au mali, na ile inayomjia mtu bila ya yeye kujua sababu. Hii ya pili aliihusisha na mwili, na mabadiliko katika damu, na tiba yake akaielekeza kwenye mwili. Damu aliyoielewa yeye siyo tunayoielewa leo, hilo ni kweli. Lakini zaidi ya miaka elfu iliyopita, Muislamu huyu wa Balkh hakumwambia mwenye huzuni isiyo na sababu kwamba akatubu kwanza. Marehemu Malik Badri, mwanasaikolojia wa Sudan, alikitafsiri sehemu ya nafsi ya kitabu hicho kwa Kiingereza mwaka 2013, na nawashauri maimamu wanaokijua Kiingereza wakitafute.

Mzee mmoja jirani yetu, ambaye binti yake alikuwa amejifungia ndani kwa mwezi wa pili, alinijia na karatasi aliyoitoa kwenye intaneti. Tangazo la kuuza kipimo: unatema mate mara nne kwa siku, unatuma chupa nje, unaletewa majibu kwamba tezi zako "zimechoka", na pamoja na majibu unauziwa vidonge vya kuziamsha. Alikuwa tayari kuuza simu yake. Aliniambia wazi kabisa, kipimo kikisema hana kitu, basi ajue namna ya kumnyoosha. Nilimwambia asitume hata senti. Chama cha wataalamu wa homoni cha Endocrine Society kimekwisha kutamka kwamba huo "uchovu wa tezi" hauna ushahidi wa kisayansi. Na hata maabara ingekuwa ya kweli, majibu ya kawaida yasingethibitisha kwamba binti ni mzima. Angemwadhibu mgonjwa kwa karatasi. Alimpeleka kliniki ya afya ya akili. Hapakuwa na chupa wala pamba. Daktari alikaa na binti karibu saa nzima, akiuliza na kusikiliza, akapima damu kuhakikisha si upungufu wa damu wala tezi ya shingo, kisha akaanza tiba.

Ndivyo sonona inavyotambuliwa mpaka leo, kwa kuuliza. Lipo fungu la maswali tisa, lililotolewa mwaka 2001, ambalo limetafsiriwa kwa Kiswahili na kujaribiwa Kenya na Tanzania. Linauliza juu ya wiki mbili zilizopita: hamu ya kufanya mambo, huzuni, usingizi, uchovu, chakula, kujilaumu, kushindwa kutuliza akili, kuwa mzito au kuhangaika. Kila jibu lina alama kutoka 0 hadi 3. Haligharimu kitu, na mhudumu wa zahanati anaweza kulisoma kwa sauti kwa asiyejua kusoma. Nalo pia halimalizi kazi ya daktari, ila linaonesha nani amuone daktari haraka.

Swali la tisa linahusu mawazo ya kutaka kufa au kujidhuru. Tusiogope kuliuliza, kuliuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Atakayesema ndiyo, hata kama ni kwa siku chache tu, asihutubiwe wala asiachwe peke yake. Vidonge, sumu ya panya na dawa za shambani vifungiwe mbali naye, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Wabillahi tawfiq.